Tabaka Halionekani kwenye KiCad: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo Kabla ya Kuagiza Bodi

Tabaka la shaba la bodi ya saketi (PCB) likitoweka kwenye skrini ya KiCad, programu ya kuchora bodi hizo, usifute kitu na usichore upya. Mara nyingi njia zako, yaani mistari ya shaba inayounganisha vijenzi, zimo ndani ya faili vilevile ulivyoziacha. Kilichobadilika ni namna zinavyoonyeshwa. Anayefuta eneo la shaba kwa sababu linaonekana "limeharibika" ndiye anayegeuza kasoro ya skrini kuwa kasoro ya bodi. Na kwa fundi aliye Kampala, Mbarara au Gulu, bodi inayotengenezwa China na kusubiriwa Entebbe si kitu cha kubahatisha. Kosa moja likipita bila kuonwa, unalipia usafirishaji upya na unasubiri upya.

Tumeandika kwa ajili ya KiCad, kwa kuwa haidai leseni na mwanafunzi wa Makerere au Kyambogo anaweza kuiweka kwenye laptopu yake bila kulipa shilingi. Hatua zinafuata matoleo ya 7, 8 na 9. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye programu, ili uyatafute kwa macho. Kuhusu Altium na Eagle, programu nyingine za kazi hii, kuna maneno machache karibu na mwisho.

Kosa lina makao matatu

Kosa la kuonekana kwa matabaka hukaa mahali patatu, na kazi yote ni kujua ni papi.

La kwanza ni faili la bodi lenyewe, lenye mwisho wa .kicad_pcb. Kitu kikikosekana humo, hakipo kweli.

La pili ni mipangilio ya kuonyesha. Sehemu yake imo kwenye faili dogo lenye mwisho wa .kicad_prl lililo kando ya faili la bodi, na sehemu nyingine imo kwenye folda ya mipangilio ya mtumiaji. Humo ndimo mnamoandikwa ni matabaka gani yamefichwa, lipi linatumika sasa, maeneo ya shaba yaonekane kwa uzito gani, na rangi ni zipi.

La tatu ni mchoraji wa skrini: kadi ya michoro, draiva yake, na namna KiCad inavyoitumia.

Makosa mengi ni ya makao ya pili. Ya tatu huwapata zaidi wenye laptopu za zamani. Ya kwanza ni machache, ila ndiyo yanayouma.

Tafuta shahidi nje ya skrini

Anza kwa kutunza nakala. Kwenye dirisha kuu la mradi, chagua "File", kisha "Archive Project", upate faili moja la zip. Liweke mahali pengine kabisa, si ndani ya folda ileile.

Sasa fanya majaribio matatu, kwa mpangilio huu.

1. Nenda kwenye tabaka linalolalamikiwa, bonyeza X, na ujaribu kupitisha njia mahali panapoonekana wazi. Njia ikigoma kupita, au ikizunguka kitu usichokiona, kitu hicho kipo. KiCad huzingatia shaba iliyofichwa kama inavyozingatia inayoonekana. Bonyeza Esc utoke bila kuacha kipande chochote.

2. Fungua faili la .kicad_pcb kwa kihariri cha maandishi cha kawaida, hata Notepad. Ni maandishi matupu, yanasomeka. Tafuta `(layer "In1.Cu")` kama tabaka lililopotea ni la kwanza la ndani, au `(layer "B.Cu")` kama ni la chini. Kwenye Linux, `grep -c '(layer "In1.Cu")' bodi.kicad_pcb` hukupa idadi ya mistari yenye maneno hayo. Ukipata sifuri kwenye tabaka uliloliwekea njia, shaba haimo kwenye faili. Ukipata mamia, tulia. Hata kama tabaka umelipa jina lako, kwa mfano GND (ardhi ya saketi), ndani ya faili vitu bado huandikwa kwa jina la asili, In1.Cu. Usihifadhi chochote unapotoka kwenye kihariri.

3. Toa mafaili ya Gerber, yaani picha za matabaka zinazotumwa kiwandani, kwenye folda ya muda kupitia "File", "Fabrication Outputs", "Gerbers", kisha uyafungue kwa programu nyingine, kama gerbv, ambayo pia ni ya bure. GerbView iliyomo ndani ya KiCad ni nzuri, lakini inatumia mchoraji uleule wa skrini. Kama mgonjwa ni kadi ya michoro, shahidi huyo naye ana homa.

Njia zikiwa kwenye Gerber na hazionekani kwenye kihariri cha bodi, huna haja ya kugusa mchoro. Endelea na sehemu za mipangilio, faili la .kicad_prl na kadi ya michoro.

Mipangilio: kuanzia lililo jepesi

Upande wa kulia wa kihariri cha bodi kuna paneli inayoitwa "Appearance". Kama haipo, irudishe kupitia menyu ya "View". Ina vichupo vitatu: "Layers", "Objects" na "Nets", na kila kimoja kinaweza kuficha kitu kwa namna yake. Ndiyo maana mtu huangalia jicho la tabaka, akaliona limefunguka, na bado shaba haionekani.

Kwanza bonyeza Esc mara mbili, kisha ~ ili kuondoa uangazaji wa neti (miunganisho yote ya umeme yenye jina moja). Ukiangaza neti kwenye mchoro wa saketi, kihariri cha bodi kinaweza kuiangaza neti hiyo na kufifisha mengine yote. Wengi huiita kasoro ya matabaka kumbe ni taa iliyoachwa inawaka.

Kisha bonyeza Ctrl+H mara moja moja huku ukitazama. Amri hii huzungusha namna tatu za kuonyesha matabaka yasiyotumika: kawaida, yaliyofifia, na yaliyofichwa kabisa. Ukiwa kwenye ile ya tatu, unaona tabaka moja tu, na kila ukibadilisha tabaka lile lililotangulia "linapotea". Iko karibu na funguo unazotumia kila dakika, kwa hiyo hubonyezwa bila kukusudia. Chaguo hilohilo liko chini ya kichupo cha "Layers", kwenye "Layer Display Options".

Hapohapo kuna kisanduku cha kugeuza bodi, "Flip board view". Kikiwa na tiki, unaitazama bodi kutoka chini: maandishi ya juu yanageuka kinyumenyume na kushoto kunakuwa kulia. Kiondoe tiki kabla ya kulaumu lolote.

Chini kabisa ya paneli kuna orodha ya "Presets". Chagua "All Layers". Hii inawasha matabaka yote kwa mkupuo na ni haraka kuliko kubofya macho ishirini moja moja.

Hapo nenda kwenye kichupo cha "Objects", ambako ndiko watu hawatazami. Njia, via (matundu yenye shaba yanayounganisha matabaka), pedi (shaba ambako miguu ya vijenzi huunganishwa) na maeneo ya shaba vina vitelezi vya uzito wa rangi. Kitelezi cha njia kikisukumwa hadi kushoto, njia zipo, zinachaguliwa, lakini hazionekani. Rudisha njia, via na pedi hadi kulia kabisa. Maeneo ya shaba huanzia asilimia 60 na panafaa. Chini yake kuna "Footprints Front" na "Footprints Back": ukizima kimojawapo, vijenzi vyote vya upande huo vinatoweka pamoja na pedi zake, huku njia zikibaki zinaelea hewani. Ukiona njia zinaishia kwenye utupu, usitafute mbali.

Kwenye kichupo cha "Nets", fungua "Net Display Options". Rangi za neti zikiwekwa "All", njia hupakwa rangi ya neti badala ya rangi ya tabaka. Hapo njia ya GND iliyo juu na iliyo chini zinaonekana rangi moja, nawe unaapa kwamba programu imechanganya matabaka. Weka "Ratsnest" au "None". Jicho lililo kando ya jina la neti halifichi shaba. Linaficha nyuzi nyembamba za miunganisho ambayo haijachorwa. Ukilizima kisha ukalisahau, bodi itaonekana imekamilika na haijakamilika. Kwa sababu hiyo hesabu ya miunganisho iliyobaki isome kwenye DRC, ukaguzi wa KiCad wa kanuni za bodi, si kwa macho.

Upau wa kushoto nao una vitufe vya kuonyesha pedi, via na njia kama mikondo mitupu isiyojazwa. Njia nyembamba ya milimita 0.15 ikichorwa kwa mkondo, ukiitazama kutoka mbali haionekani kabisa.

Rangi zina hila moja. Mraba mdogo wa rangi ulio mbele ya jina la tabaka hufunguka ukibofywa mara mbili, au kwa kitufe cha kati cha mausi, na unaruhusu kubadilisha rangi. Ukichagua rangi inayofanana na mandharinyuma, au ukishusha uzito wake hadi sifuri, tabaka limezikwa. Fungua "Preferences", sehemu ya "PCB Editor", "Colors", uchague "KiCad Default". Mpangilio huo wa rangi haubadiliki, kwa hiyo ni kipimo kizuri: tabaka likionekana chini yake na lisionekane chini ya rangi zako, umeshapata jibu.

Na kumbuka kwamba tabaka linalotumika huchorwa juu ya mengine. Bonyeza PgUp uende F.Cu (shaba ya juu) na PgDn uende B.Cu. Bodi ya kuchajia betri kwa jua, yenye eneo pana la GND pande zote mbili, inaweza kuzimeza njia za upande mwingine hadi ubadilishe tabaka. Pia nyekundu ikilala juu ya buluu inatoa zambarau. Hilo si tabaka la tatu.

Kitu kinachoonekana lakini hakichaguliki hakina kosa la tabaka. Angalia "Selection Filter", kona ya chini kulia, uweke tiki kwenye "All items".

Faili la .kicad_prl

Yote hayo yakishindikana, au yakifaulu lakini yakirudi kila unapofungua mradi, funga KiCad kabisa na ubadilishe jina la faili la .kicad_prl, kwa mfano uliongezee "-zamani" mwishoni. Fungua mradi tena. KiCad itatengeneza jipya. Hupotezi shaba wala kijenzi: humo mna mambo ya kutazama tu, kama `visible_layers`, `hidden_nets`, `opacity`, `high_contrast_mode` na `zone_display_mode`. Usilichanganye na .kicad_pro, lenye kanuni za usanifu, madaraja ya neti na mengine usiyotaka kuyapoteza.

Faili hili huharibika kwa njia mbili zinazojulikana sana kwetu. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi kwenye kompyuta isiyo na UPS, linaweza kubaki tupu au nusu. Na pale wanafunzi wanapopeana mradi kwa flashi, kila mmoja anarithi macho ya mwenzake: aliyekuwa anakagua tabaka moja amekuachia mengine yote yamefichwa. Mkitunza mradi kwa Git, mfumo wa kuhifadhi matoleo ya mafaili, liandike ndani ya .gitignore na mambo yaishe.

Umeme ukikatika, KiCad inaweza kukuuliza unapofungua kama urejeshe nakala iliyojihifadhi yenyewe. Kubali, lakini kabla ya kuhifadhi linganisha na nakala za zip zilizo kwenye folda ya mradi yenye jina linaloishia na "-backups".

Tatizo likiwa kwenye kila mradi, si mmoja tu, chanzo ni mipangilio ya mtumiaji. Kwenye Windows andika `%APPDATA%\kicad` kwenye upau wa anwani; kwenye Linux ni `~/.config/kicad`. Ndani kuna folda kwa kila toleo, kama 8.0. KiCad ikiwa imefungwa, badilisha kwanza jina la pcbnew.json peke yake na ujaribu. Lisipotibu, ndipo ubadilishe jina la folda nzima. Usiifute: humo ndimo mlimo orodha za maktaba zako, fp-lib-table na sym-lib-table, pamoja na njia zako za mkato za kibodi. Utazirudisha baadaye moja moja.

Maeneo ya shaba yanayotoweka

Hapa ndipo kosa la skrini na kosa la faili hufanana kama mapacha, kwa hiyo tupunguze mwendo.

Eneo la shaba lina sehemu mbili: mpaka uliouchora, na ujazo ambao KiCad huukokotoa. Ukiona mpaka bila ujazo, kuna uwezekano nne.

Pengine umechagua kuonyesha mipaka pekee kwenye upau wa kushoto. Bofya kitufe cha kuonyesha ujazo.

Pengine ujazo haujakokotolewa, au ulifutwa kwa Ctrl+B. Bonyeza B kujaza maeneo yote. Ndani ya faili, eneo lililojazwa lina maneno `filled_polygon`, lisilojazwa halina. Baada ya kusogeza vijenzi, ujazo wa zamani unaweza kubaki kama ulivyokuwa, ukionekana kugusa pedi ambazo haukuruhusiwa kuzigusa. Si ajali ya umeme, ni picha iliyopitwa na wakati. B tena.

Pengine umejaza, na bado ni patupu. Fungua sifa za eneo kwa E, usome neti yake. Kama ni neti isiyo na pedi hata moja ndani ya eneo hilo, ujazo unaweza kuhesabiwa kuwa kisiwa kisichounganishwa na chochote, na KiCad inaweza kuondoa visiwa vya namna hiyo pale "Remove islands" ikiwa "Always". Hutokea sana baada ya kubadilisha jina la neti kwenye mchoro wa saketi, tuseme kutoka GND kuwa GNDD, na eneo likabaki na jina la zamani. Hapa faili ndilo lenye kosa, si skrini. Rekebisha neti, kisha B.

Na pengine eneo jingine lenye kipaumbele kikubwa limelikata. Kwenye sifa, namba kubwa ya kipaumbele ndiyo inayoshinda. Eneo dogo la 5V ndani ya GND lipewe 1, GND ibaki 0. Ukigeuza, la 5V linatoweka lote. Angalia pia kama kuna eneo la kanuni linalozuia shaba, ambalo huwekwa chini ya antena ya moduli ya GSM kwenye vifuatiliaji vya bodaboda. Likipanuliwa kidogo kwa bahati mbaya, linatafuna GND na mipaka yake ni myembamba kiasi cha kutoonekana kwa haraka.

Kadi ya michoro

Dalili zake ni tofauti na zilizotangulia. Turubai nyeusi. Pembetatu zinazotoka katikati ya bodi hadi ukingo wa skrini. Kijenzi kinachoacha mzimu wake pale ulipokitoa. Matabaka yanayoonekana au kutoweka kadiri unavyokuza na kupunguza. Kipimo chepesi ni F5: mambo yakinyooka kwa sekunde chache kisha yakaharibika tena, mtuhumiwa ni mchoraji wa skrini.

KiCad huchora kwa OpenGL, njia ya programu ya kuagiza kadi ya michoro, na inahitaji angalau toleo la 2.1. Laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa Kampala huwekewa Windows upya bila draiva halisi ya michoro. Fungua "Device Manager", "Display adapters". Ukisoma "Microsoft Basic Display Adapter", umeshika mzizi: draiva hiyo ya dharura hutoa OpenGL 1.1 tu. Pakua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu au wa kadi. Ni faili kubwa, lisubiri Wi-Fi ya chuo au ofisi badala ya bando la simu. Kwenye Linux, `glxinfo -B` kutoka kifurushi cha mesa-utils hukuambia toleo na jina la kadi.

Wakati mwingine KiCad yenyewe hukiri kwa ujumbe "Could not use OpenGL, falling back to software rendering". Usiufunge bila kuusoma.

Sasa fuata mfuatano huu, ukijaribu bodi baada ya kila hatua.

Kwenye "Preferences" badilisha mchoraji kutoka "Accelerated graphics" kwenda "Fallback graphics". Kulingana na toleo, chaguo hili liko kwenye "Common" au kwenye "Display Options" ya "PCB Editor". Namna hii hutumia prosesa badala ya kadi. Picha ikinyooka, umethibitisha kwamba faili ni zima na mipangilio ni mizima. Bodi ndogo ya matabaka 2 unaweza kuimaliza hivyohivyo. Ya matabaka 4 yenye vijenzi mia kadhaa itakuchosha kwa uzito.

Rudi kwenye "Accelerated graphics", lakini zima ulainishaji wa kingo, "antialiasing". Kadi dhaifu hushindwa hapo kwanza.

Laptopu yenye kadi mbili, Intel na NVIDIA, inaweza kuwa inachagua ile mbovu. Kwenye Windows nenda "Settings", "System", "Display", "Graphics", uongeze programu kutoka `C:\Program Files\KiCad\8.0\bin`. Wengi huongeza pcbnew.exe wakashangaa hakuna kilichobadilika. Ukifungua bodi kutoka dirisha kuu la mradi, kinachokimbia ni kicad.exe, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kuongeza. Jaribu "High performance", kisha "Power saving".

Kwenye Linux, anzisha programu kwa `LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1 kicad`. Kosa likitoweka, ni draiva. Jaribu pia kuingia kwa kipindi cha X11 badala ya Wayland, kwani KiCad na Wayland bado hawajapatana vizuri.

Usipime kosa hili ukiwa unaitumia kompyuta ya maabara kutoka mbali. Muunganisho wa mbali unaweza kubadilisha kabisa kadi ambayo programu inaiona.

Gerber na matundu

Kwenye GerbView, usifungue mafaili moja moja. Fungua faili la .gbrjob, na matabaka yatajipanga yenyewe kwa mpangilio sahihi. Ukiona maumbo ya kivuli yasiyokuwepo kwenye bodi, zima kitufe cha upau wa kushoto kinachoonyesha vitu hasi kwa rangi ya mzimu.

Matundu yakikaa kando ya pedi, yote kwa umbali uleule, skrini haina hatia. Umetoa Gerber kwa chimbuko (mahali pa kuanzia vipimo) moja na faili la matundu kwa jingine. Kisanduku cha "Use drill/place file origin" kwenye dirisha la Gerber lazima kikubaliane na chaguo la chimbuko kwenye "Generate Drill Files". Toa yote mawili upya. Lakini matundu yakiwa yamesambaa mara kumi zaidi ya ukubwa wa bodi, au yamejikusanya kona moja, tatizo ni namna kitazamaji kilivyosoma desimali na sifuri. Tumia "Decimal format" na milimita unapotoa, na utata unaisha.

Usisahau "Check zone fills before plotting". Bila hiyo, unaweza kutuma kiwandani ujazo wa jana.

Maandishi ya chini, B.Silkscreen, yanatakiwa kuonekana kinyumenyume ukitazama kutoka juu. Tafadhali usiyanyooshe! Yakisomeka vizuri kwenye skrini, yatatoka kinyumenyume kwenye bodi. Kwa anayechonga bodi mwenyewe kwa pasi na feriki kloridi, kanuni inageuka kidogo: karatasi hugeuza picha inapobandikwa, kwa hiyo B.Cu ichapishwe kama ilivyo, na F.Cu ichapishwe kwa kugeuzwa. Andika herufi moja isiyolingana pande zake, kama R, ndani ya shaba ya kila upande. Kabla ya kupiga pasi, kwenye karatasi zote mbili R iwe kinyumenyume.

Mwonekano wa 3D

Hapa ni pafupi. Bodi ikikosa umbo lake, mstari wa Edge.Cuts, unaochora ukingo wa bodi, haujafunga, endesha DRC, itakuonyesha pengo lilipo, hata kama ni la sehemu ya milimita. Tabaka likikosekana kwenye 3D lakini lipo kwenye kihariri, paneli ya 3D ina macho yake yenyewe. Chagua "Follow PCB Editor" ili zifuatane.

Kwenye programu nyingine

Altium: Shift+S huzungusha namna ya kuonyesha tabaka moja, na ndiyo sababu kuu ya matabaka kutoweka. Shift+C huondoa uchujaji unaofifisha vitu. L hufungua mipangilio ya matabaka, End huchora skrini upya.

Eagle: andika `DISPLAY ALL` kwenye mstari wa amri. Kijenzi kisichoshikika kwa kawaida kina tabaka la 23 au 24 lililofichwa, lenye misalaba ya chimbuko. Maeneo ya shaba yanayoonekana matupu hujazwa kwa amri ya `RATSNEST`. Autodesk ilitangaza kwamba mwisho wa Eagle ni tarehe 7 Juni 2026, kwa hiyo aliye na miradi ya zamani ana sababu ya kuihamishia KiCad; wakati wa kuhamisha, soma kwa makini dirisha la kulinganisha matabaka, kwani tabaka lisilopewa mwenza halitaingia.

Kuhusu kuhamisha mradi kati ya watu: faili lililohifadhiwa kwa KiCad 9 halifunguki kwenye KiCad 8. Kubalianeni toleo kabla ya kugawana kazi, si baada.

Ukibaki na kosa halisi la programu

Likibaki baada ya kufuta shaka kwenye faili, mipangilio na draiva, liripoti. Chagua "Help", "Report Bug". Utapelekwa GitLab, ambako wasanidi wa KiCad hushughulikia kasoro. Bandika taarifa za toleo kutoka "About KiCad", taja kadi ya michoro na draiva, na sema kama "Fallback graphics" inatibu au la, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza watakalokuuliza. Ambatisha bodi ndogo inayoonyesha kosa: chukua nakala, futa kila kitu kisichohusika hadi kubaki vijenzi viwili vitatu, na uhakikishe kosa bado lipo. Likitoweka wakati unafuta, kitu cha mwisho ulichokifuta ndicho cha kurudisha na kukichunguza.